Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Kwanza ya Mkusanyaji Kijana

Barua za vijana wanaokusanya silaha za vita vya zamani zimeongezeka, na nyingi zinatoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, ambako bunduki zilizotolewa kwenye maghala ya majeshi huuzwa madukani kwa njia halali. Majibu yetu yanahusu huko, isipokuwa pale tunapotaja nchi nyingine. Sheria za majimbo zinapishana sana. Kabla hujatoa pesa, uliza duka lenye leseni katika jimbo lako, hata kama rafiki yako alinunua hapo hapo mwaka jana.

Shikamooni. Nina miaka 19, naishi Columbus, Ohio, na nina grini kadi. Nimeweka akiba ninunue bunduki moja ya Vita Kuu ya Pili. Wenzangu wananiambia nisubiri nifike miaka 21. Ni kweli?

Marahaba, kijana wetu. Wenzako wamechanganya mambo. Sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji mwenye leseni kumuuzia bunduki ndefu mtu aliyetimiza miaka 18. Miaka 21 ni ya bastola. Kuna majimbo yaliyoongeza masharti yao: Florida ilipandisha umri hadi 21 mwaka 2018, na Illinois inadai kadi ya umiliki inayoitwa FOID, ambayo aliye chini ya miaka 21 huipata kwa idhini ya mzazi. Ohio haijakuwekea kizuizi hicho kwa bunduki ndefu.

Grini kadi haikuzuii. Utajaza dukani fomu 4473, fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa silaha, na humo wataulizia uraia wako na namba yako ya uhamiaji, basi nenda nayo. Nenda pia na kitambulisho cha jimbo chenye anwani unayoishi sasa. Hapa ndipo vijana wengi hukwama: wamehama chumba, leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani, na muuzaji hana njia ila kuwarudisha. Rekebisha anwani kwanza.

Tangu 2022, mnunuzi wa miaka 18 hadi 20 hukaguliwa zaidi, pamoja na kumbukumbu za utotoni, na ukaguzi unaweza kuchukua hadi siku 10 za kazi. Ukiambiwa usubiri, hujakataliwa.

Kuna mlango mmoja ambao kweli umefungwa hadi miaka 21: leseni ya mkusanyaji, aina ya 03. Inagharimu dola 30 kwa miaka mitatu, nayo hukuruhusu kupokea nyumbani kwako bunduki yenye umri wa miaka 50 au zaidi iliyobaki katika hali yake ya asili, bila kupitia dukani. Utatunza daftari la kila silaha inayoingia na inayotoka, na nakala ya maombi yako huenda kwa mkuu wa polisi wa eneo lako. Leseni hiyo ni ya kukusanya. Ukianza kununua na kuuza ili kujipatia faida, umeshaingia kwenye biashara inayohitaji leseni nyingine.

Pia usipoteze muda kuagiza M1 Garand kwa CMP, shirika lenye maduka Anniston, Alabama, na Camp Perry, Ohio, linalouza bunduki za zamani za jeshi la Marekani. Wao wanadai uraia, uthibitisho wa umri, uanachama wa klabu inayotambuliwa nao na ushahidi kwamba umewahi kushiriki mazoezi ya shabaha. Garand hiyo hiyo unaweza kuinunua kwenye duka la kawaida, kwa bei ya dukani.

Kwa wasomaji wenye viza ya masomo, hali ni nyingine kabisa. Kwa kawaida sheria haikuruhusu kumiliki silaha wala risasi. Misamaha ipo michache, mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji, lakini usiitegemee kabla hujaonana na wakili wa uhamiaji. Jibu la uongo kwenye fomu 4473 ni kosa la jinai, na litakufuata kwenye kila ombi lako la uhamiaji.

Nimeona bunduki tatu za Kirusi aina ya Mosin-Nagant kwenye rafu moja, na bei zao zinapishana kwa zaidi ya dola mia. Kwa macho yangu zote ni zile zile. Nitajuaje ipi nichukue?

Hazifanani hata kidogo, na ukishajua pa kuangalia utaziona tofauti kabla hujaishika ya pili.

Beba tochi ndogo yenye mwanga mkali, kioo cha kukuzia, karatasi nyeupe, vitambaa viwili vitatu vya pamba na glovu. Mwombe muuzaji ruhusa ya kufungua bolti, yaani chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma. Elekeza mtutu mahali salama, fungua, kisha hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba hamna risasi kwenye chemba, mahali inapokaa kabla ya kupigwa, wala kwenye magazini. Muuzaji makini akikuona umeiruka hatua hii atakunyang'anya bunduki, na atakuwa na haki.

Anza na mtutu. Mbao hubadilishwa, skrubu hupatikana, lakini mtutu ulioliwa na kutu hauna dawa. Toa bolti: kwenye Mosin unakivuta kifyatulio na kukishikilia huku ukiirudisha bolti nyuma hadi itoke. Pitisha kitambaa kikavu, weka karatasi nyeupe upande wa chemba, imulike, halafu chungulia kutoka mdomoni. Unatafuta mifuo minne, yaani mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, inayozunguka kuelekea kulia, yenye kingo kali. Mtutu mweusi si lazima uwe mbovu, maana grisi ya ghala huficha mtutu mzuri na mbaya kwa pamoja. Ndiyo sababu tunasisitiza kitambaa. Vishimo vidogo chini kwenye mifuo vinavumilika. Kingo zilizolainika au vishimo vikubwa karibu na chemba, rudisha rafuni. Ukiona pete nyeusi inayokatiza mtutu kwa ndani, pitisha vidole kwa nje mahali hapo: risasi iliwahi kukwama, nyingine ikaifuata, na chuma kikavimba. Hiyo usiinunue hata kwa bei ya bure.

Halafu angalia mdomo wa mtutu. Askari walisafisha bunduki hizi kwa ufito wa chuma kutokea mbele, miaka nenda miaka rudi, na ufito ulisugua mifuo ya mdomoni hadi ikatoweka. Jaribio la zamani ni kuchomeka kichwa cha risasi ya maonyesho, isiyo na baruti, kwenye mdomo: kikizama mpaka ganda liguse chuma, mdomo umechakaa. Ila kuna mtego. Karakana za Kirusi zilizitengeneza bunduki nyingi za aina hiyo kwa kuutoboa mdomo kwa upana zaidi, hadi pale mifuo mizima inapoanzia. Bunduki kama hiyo itaonekana haina mifuo kabisa mdomoni, na jaribio la risasi litaikataa, kumbe inapiga vizuri. Mulika ndani: ukiona ukingo wa duara safi na mifuo mikali nyuma yake, ni kazi ya karakana.

Sasa namba. Kwenye modeli ya 91/30 zipo mahali pane: kwenye kitako cha mtutu mbele ya bolti, kwenye bolti yenyewe, kwenye bamba la chuma la kitako cha bunduki, na kwenye bamba la chini la magazini. Zikifanana, usikimbilie kufurahi. Baada ya vita Warusi walizifungua bunduki kwa maelfu, wakazisafisha, wakachanganya sehemu, kisha wakagonga namba mpya ili zilingane. Utaijua kwa namba ya zamani iliyopigwa mstari, au kwa herufi zenye umbo tofauti na zile za kwenye mtutu. Alama ya mraba wenye mstari wa kukatiza pembe kwa pembe inakuambia imepita karakana. Si kasoro, na mara nyingi hizo ndizo zenye mtutu bora, lakini usilipe bei ya bunduki ambayo namba zake hazijaguswa tangu kiwandani.

Nyota ni alama ya kiwanda cha Tula. Pembetatu yenye mshale ndani ni Izhevsk. Zilizotengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1930 zina kasha la bolti lenye pembe pembe, na wakusanyaji huzilipia zaidi. Baadaye likawa la duara. Za 1942 na 1943 zina alama za mashine wazi wazi kwenye chuma kwa sababu viwanda vilikimbizana na vita. Wageni huziona mbovu. Sisi tunazipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye bolti, ulizia kifaa cha Kirusi kinachoandamana na bunduki: kibapa chenye mapengo mawili yaliyoandikwa 75 na 95. Bolti ikiwa imefyatuka, pini inayochomoza usoni mwake iguse pengo la 75 na isiguse la 95. Ikiwa fupi mno haitawasha risasi. Ikiwa ndefu mno itatoboa kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, na gesi ya moto itarudi nyuma, upande wa uso wako. Hurekebishwa kwa kuizungusha pini, na mistari midogo iliyo nyuma ya pini na ya kichwa cha kukokea inapaswa kulingana.

Jambo la mwisho haliwezi kupimwa kwa jicho: nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi iliyokaa chembani. Peleka kwa fundi bunduki mwenye geji, kipimo cha nafasi hiyo, kabla ya kupiga risasi ya kwanza, hata kama namba zote zinafanana. Nafasi ikizidi, ganda hunyooka na kupasuka.

Kwa hiyo kati ya zile tatu, chagua mtutu kwanza, bolti salama pili, namba tatu, na adimu yake mwisho. Bei usishangae nazo. Karibu na 2010 Mosin ilipatikana kwa chini ya dola 100 kwa sababu makreti yalikuwa yakimiminika. Leo hayaji tena. Risasi nazo zimepanda tangu Marekani ilipozuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Kirusi mwaka 2021. Ukiona Mosin yenye darubini ya kulengea aina ya PU inauzwa kama ya mdunguaji wa kweli, kaa nayo mbali mpaka upate mtu anayezijua. Nyingi zimeungwa miaka ya karibuni.

Mwanangu ana miaka 16 na amekusanya pesa kwa kazi ya wikiendi. Anataka nimnunulie bunduki ya zamani kwa jina langu. Mimi ni mama yake, kuna ubaya?

Dada yetu, ubaya uko kwenye pesa. Ukinunua kwa pesa zako ukampa mwanao zawadi, sheria ya shirikisho haikukatazi, ingawa jimbo lako laweza kuwa na la kwake kuhusu umri wa kushika bunduki na jinsi inavyotunzwa. Ukichukua pesa zake ukanunua kwa niaba yake, mnunuzi halisi ni yeye, na wewe umetia saini fomu inayosema kwamba ni wewe. Mahakama Kuu ya Marekani ililisisitiza hilo mwaka 2014, katika kesi ambayo mtu aliyepewa bunduki aliruhusiwa kabisa kumiliki silaha, na bado aliyenunua alipatikana na hatia. Hali ni hiyo hiyo kwa kijana wa miaka 22 anayemnunulia rafiki yake wa 17 kwa pesa za rafiki.

Ushauri wetu: iwe zawadi ya kweli, ibaki kwenye kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake unao wewe, na pesa zake azitumie kwa vitabu vya alama za viwanda, kozi ya usalama, na singe au mkanda wa kipindi hicho. Mkusanyaji anayeanza kwa kujua alama hatapeliwi kirahisi.

Nimenunua SKS, bunduki ya kujipakia ya muundo wa Kirusi, iliyotengenezwa Yugoslavia, modeli ya 59/66, imejaa grisi kila mahali. Nyumbani wazee wanaifahamu SKS kutoka enzi za ukombozi, nami nataka kuipiga wikiendi hii. Grisi niitoeje upesi?

Usiipige wikiendi hii mpaka umefungua bolti. Hili ndilo jibu letu la haraka kuliko yote kwenye safu ya leo.

Pini ya SKS haina springi ya kuirudisha katika bunduki nyingi za aina hii. Inaelea ndani ya bolti. Grisi ikigandia humo, pini hukwama ikiwa imechomoza mbele. Bolti inapojifunga na kusukuma risasi chembani, kiwashio hugongwa bila kifyatulio kuguswa, bunduki inafyatuka yenyewe, inajipakia, inafyatuka tena, mpaka magazini iishe, na mtutu unapanda juu. Toa bolti, sukuma nje pini ndogo inayoshikilia pini ya kufyatulia, loweka vyote viwili, safisha tundu kwa brashi nyembamba mpaka kitambaa kitoke cheupe. Rudisha kavu, bila mafuta mengi. Tikisa bolti karibu na sikio: lazima usikie pini ikigongagonga mbele na nyuma. Usiposikia, rudia. Siku ya kwanza uwanjani pakia risasi moja, kisha mbili, kabla ya kujaza kumi.

Sehemu nyingine za chuma ziloweke kwenye waiti spiriti kwa nusu saa, nje ya nyumba, mbali na moto, ukiwa na glovu za mpira. Maji yanayochemka nayo yanafaa: grisi huyeyuka na kuelea juu, na chuma kikiwa bado cha moto hukauka chenyewe. Kipake mafuta hapo hapo, maana chuma kitupu hupata kutu kabla ya chakula cha jioni. Usisahau tyubu ya gesi na pistoni yake. Hizo ziache kavu kabisa.

Mbao haitaki kemikali. Itie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uweke kwenye dashibodi ya gari siku ya jua kali, na kila nusu saa itoe uifute grisi iliyotoka jasho. Siku mbili tatu za hivyo zinatosha. Usiitie kwenye oveni.

Na tafadhali usipige msasa. Kila mwezi tunapokea picha za bunduki zilizopigwa msasa na vanishi zikang'aa kama meza mpya, na mwenyewe anauliza itauzwa kiasi gani. Mihuri ya wakaguzi iliyogongwa kwenye mbao imekwenda, pamoja na mikwaruzo ya miaka sitini, na mbao sasa iko chini ya usawa wa chuma kinachoizunguka. Mkusanyaji huyaona hayo kutoka mbali. Mbao ikiwa kavu mno, mafuta ya kitani matone machache kwa kiganja, futa, subiri siku, rudia. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vitandaze nje vikauke vikiwa vimenyooshwa; ukivikunja ukavitupa kwenye ndoo, hujipasha joto vyenyewe na kuwaka moto.

Babu yangu alikuwa Keya na alipigana Burma. Nataka Lee-Enfield kama aliyobeba. Muuzaji mmoja ana moja anayosema ilikuwa ya King's African Rifles, na ameiongezea bei kwa ajili hiyo. Nimwamini?

Kumbukumbu ya babu ni sababu nzuri ya kununua Lee-Enfield kuliko sababu nyingine yoyote tuliyotumiwa mwaka huu. Lakini maneno ya muuzaji yasilipwe mpaka chuma kiyaunge mkono, na mara chache kinaweza.

Askari wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), kikosi kilichoundwa 1902, walibeba bunduki za familia hii katika vita vyote viwili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyouvuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944 ilikuwa na silaha za Kiingereza za risasi ya .303 kama majeshi mengine ya dola. Tatizo ni kwamba bunduki hizo hazikuwa mali ya kikosi kwa maana ya kudumu. Zilitolewa, zikarudishwa ghalani, zikatengenezwa, zikagawiwa kwingine.

Muuzaji huenda atakuonyesha kidude cha shaba cha duara kwenye upande wa kulia wa kitako. Kwenye SMLE za zamani, yaani Lee-Enfield fupi zinazoitwa pia No. 1, ndipo vikosi vilipogonga vifupisho vyao na namba ya bunduki kikosini. Desturi hiyo ilififia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na bunduki nyingi zilizofuata hazina kidude hicho. Kinashikiliwa na skrubu moja tu. Mtu yeyote mwenye bisibisi na seti ya herufi za kugonga anaweza kuifanya bunduki iwe ya kikosi chochote anachotaka. Kwa hiyo tumia kioo cha kukuzia. Pengo la skrubu lina mikwaruzo mipya inayometa? Herufi zina kingo kali huku shaba inayozizunguka imesuguliwa ikalainika? Mwombe akifungue. Chini ya kidude kilichokaa miaka mia, mbao huwa na rangi tofauti, na doa la kijani la shaba lenye duara lile lile. Mbao ikiwa safi au doa halilingani, kidude kimewekwa jana. Na SMLE yenye kidude cha KAR haiwezi kuwa ya Burma ya 1944 kwa ushahidi wa kidude pekee. Kinasimulia enzi ya kabla yake.

Alama ambazo zinaaminika zaidi ni za nchi, kwa kuwa zimegongwa kwenye chuma: mshale mpana pekee ni wa Uingereza, mshale ndani ya herufi C ni wa Kanada, ndani ya U ni wa Muungano wa Afrika Kusini, D mbili zenye mshale katikati ni za Australia. Neno ENGLAND lina maana iliuzwa kutoka Uingereza kama bidhaa ya biashara. Kwenye chuma kinachoshika shingo ya kitako utasoma taji, kiwanda, mwaka na modeli. Hizo ndizo habari za kulipia.

Kisha ikague kwa usalama, na hapa Lee-Enfield ina mambo yake. Herufi DP zikigongwa popote, bunduki ilitengwa kwa mazoezi ya gwaride. Nyingi zilidhoofishwa makusudi au zina sehemu zilizokataliwa, basi ni ya kutundika ukutani tu. Namba kwenye mkono wa bolti lazima ilingane na ya kwenye kasha, kwa sababu kila bolti ilisuguliwa ikae kwenye kasha lake. Nafasi ya kitako cha risasi kwa vipimo vya jeshi ni inchi 0.064 hadi 0.074. Kwenye No. 4, modeli iliyofuata SMLE, kichwa cha bolti kinatoka kwa kufunguliwa, na kina namba 0, 1, 2 au 3 kulingana na urefu. Wauzaji wa vipuri watakuambia nafasi ikizidi weka namba inayofuata, basi. Haitoshi: kichwa kipya kikizunguka mbali kupita usawa wa mbavu ya bolti, hakijakaa, na geji itakudanganya. Mwachie fundi.

Mbao ya mbele ifungue ukiruhusiwa, uangalie mwisho wake wa nyuma unaopokea kishindo. Nyufa hapo ndizo humfanya mwenye bunduki nzuri alalamike kwamba risasi zinatawanyika. Na ukikuta moja iliyokatwa mbao kwa ajili ya uwindaji, mtutu wake ukiwa na urefu kamili na pete za chuma zikipatikana, inarudishika. Iliyokatwa mtutu hairudishiki.

Kwa babu yako tungechagua No. 1 Mk III* au No. 4 ya miaka ya vita, namba zinazofanana, mtutu mzuri, bila hadithi yoyote juu yake. Jina la babu, namba yake ya jeshi na batalioni yake ziandike kwenye karatasi uitunze pamoja nayo. Ukijiuliza kuhusu waliopigana na Keya katika Vita Kuu ya Kwanza: mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Wajerumani Afrika Mashariki bado zilikuwa na Mauser ya mfumo wa 1871, inayotumia baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali askari alipolala. Bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabiwa na sheria ya shirikisho kuwa ya kale na haipiti kwenye fomu. Kinachoangaliwa ni mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa modeli.

Niko Leicester, Uingereza. Haya yote yananihusu?

Ukaguzi ndiyo, sheria hapana. Huko utahitaji cheti cha silaha kutoka polisi, sababu ya kuridhisha, na kabati la chuma watakalokuja kulikagua. Kununua ni kuanzia miaka 18. Uanachama wa klabu ya shabaha ndio njia iliyonyooka kwa mwenye Lee-Enfield. SKS na Garand usiziwazie, maana bunduki za kujipakia zenye risasi kubwa zilipigwa marufuku 1988. Vijana wengi huchukua iliyolemazwa, isiyoweza tena kupiga risasi. Dai cheti cha nyumba ya ukaguzi ya London au Birmingham kinachoonyesha viwango vilivyoanza 2016. Ya zamani yenye viwango vya nyuma unaweza kubaki nayo kama unayo, lakini kuiuza au kuigawa bila kuitengeneza upya ni kosa.

Nilipiga risasi ishirini za zamani za kijeshi, nikapaka mafuta vizuri, nikaweka. Baada ya wiki moja mtutu una kutu nyekundu. Mafuta yalikuwa mabaya?

Mafuta hayana kosa. Viwashio vingi vya kijeshi vya wakati ule vina klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na haiyeyuki kwenye mafuta, uliifungia ndani. Inayeyuka kwenye maji. Siku hiyo hiyo ya kupiga, toa bolti, weka faneli kwenye chemba na umimine lita moja ya maji ya moto yatokee mdomoni, mtutu ukiwa umeelekea chini ili yasiingie kwenye mbao. Osha uso wa bolti pia. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kisitoke unyevu, kisha ndipo upake mafuta. Rudi kesho yake upitishe kitambaa kimoja. Kikiwa na rangi ya chungwa, rudia. Dawa ya vioo inayosifiwa na wengi inafanya kazi kwa sababu ya maji yaliyomo, na maji ya bomba ni rahisi zaidi.

Kwa bunduki yako sasa: brashi ya shaba, mafuta yapenyayo, subiri usiku kucha, piga brashi mara kadhaa, rudia. Kutu ya wiki moja kwa kawaida huacha madoa tu. Ukichungulia ndani ya ganda lililotumika ukaona matundu mawili madogo badala ya moja la katikati, chukulia risasi hizo zina chumvi. Na usihifadhi bunduki kwenye mfuko wa turubai au ngozi, maana hukaa na unyevu.

Nikienda likizo Tanga naweza kubeba Mauser yangu ya zamani nikamwonyeshe babu?

Hapana. Kuitoa Marekani kuna sheria zake, na kuiingiza Tanzania bila kibali cha mamlaka za silaha ni kosa zito, hata kama Marekani inaiita ya kale na hata kama haina risasi. Singe nayo iache. Piga picha za alama zote kwa karibu, kila moja ikiwa na rula kando yake, uzichapishe kubwa kwenye karatasi, na umpelekee hizo.